Mdakaji: Dhima Yake Uwanjani na Jina Lake katika Kiswahili

Utangulizi

Katika viwanja vya shule za Thika na Ruiru, mchezo unaotawala ni kandanda. Thika United, timu iliyowahi kuuwakilisha ukanda huu katika ligi kuu ya Kenya, ilianza kama Brookside, klabu ya kampuni ya maziwa iliyoko Ruiru. Katika mazingira hayo, mtu anayejulikana kwa kudaka mpira ni mlinda lango, yaani kipa. Kwa hiyo mwanafunzi anapokutana na besiboli katika filamu au kitabu, ni rahisi kumchukulia mdakaji wa mchezo huo kuwa kipa mwingine. Makala haya yanaonyesha kwamba sivyo, na kwamba istilahi ya michezo haieleweki pasipo kuielewa kwanza kazi inayotajwa.

Mdakaji katika besiboli ya kulipwa ya awali

Katika besiboli, mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, naye mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji huyo. Mwaka 1869, Cincinnati Red Stockings ya Marekani ilikuwa timu ya kwanza kutangaza wazi kuwa wachezaji wake wote wanalipwa mshahara. Mdakaji wake alikuwa Doug Allison. Wadakaji wa enzi hiyo walidaka kwa mikono mitupu, na mara nyingi walisimama mbali nyuma ya mpigaji ili mpira uwafikie ukiwa umedunda. Adui alipokuwa kwenye kituo, walisogea karibu ili wapate muda wa kumzuia asiibe kituo kinachofuata.

Hatari hiyo ilikuwa na sababu yake katika sheria. Mpira uliogusa gongo kidogo tu ukadakwa hewani ulimtoa mpigaji. Aidha, mpigaji aliyekosa mara ya tatu hakuwa ametoka mpaka mpira udakwe. Ukiponyoka, aliweza kukimbilia kituo cha kwanza. Hivyo, ustadi wa mrushaji ulikamilishwa na mikono ya mtu mwingine.

Vifaa vilifuata baadaye. Mwaka 1877, James Tyng wa Chuo Kikuu cha Harvard alivaa barakoa ya waya iliyobuniwa na Fred Thayer. Mwaka 1884, ligi ya kitaifa iliruhusu kurusha mpira kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega, na kasi ikaongezeka. Mwaka huohuo, Moses Fleetwood Walker, Mmarekani mweusi, alikuwa mdakaji wa Toledo, akidaka mara nyingi bila glavu. Vikinga vya ugoko vilipata umaarufu mwaka 1907 kupitia Roger Bresnahan.

Mfano wa Kenya

Kenya ina mfano wake katika kriketi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, mpira uliorushwa na Rajab Ali uligusa gongo la Brian Lara aliyekuwa na mikimbio 8. Mlinda wiketi Tariq Iqbal akaudaka, na Lara akatoka. Kenya, iliyokuwa na mikimbio 166, iliizuia West Indies kwa 93. Rajab Ali alisifiwa kwa haki, lakini bila mikono ya Tariq Iqbal mpira ule haungemtoa mpigaji.

Suala la istilahi

Kipa hulinda lango: mpira ukivuka mstari, ni bao. Mdakaji wa besiboli hana lango. Mpira ukimpita, wapinzani hupata nafasi ya kukimbia. Jina "mlinda" linafaa katika kriketi kwa kuwa kuna wiketi ya kulindwa. Katika besiboli, kitenzi "daka" kinafaa zaidi. "Shika" hakionyeshi mwendo wa kitu, nacho "kamata" huleta picha ya kumzuia anayetoroka. "Daka" hubeba wazo la kupokea kitu kilichorushwa. Yeyote uwanjani aweza kudaka, lakini kiambishi tamati -ji huonyesha mazoea: mdakaji ni yule ambaye kudaka ndiyo kazi yake.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Katika shule za msingi za Kenya huchezwa raundas, mchezo wa ukoo mmoja na besiboli, ambamo mpigaji aliyekosa mpira aweza kukimbia vilevile. Mwalimu wa Ruiru akimwambia msichana aliye nyuma ya mpigaji "linda", atasimama akisubiri. Akimwambia "daka, urushe kituo cha kwanza", atajua kwamba kudaka ni nusu tu ya kazi yake.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wa Thika na Ruiru ndio walimu na watangazaji wa kesho. Wanapounda au kuteua istilahi, waulize kwanza mtajwa anafanya nini, kisha watafute kitenzi kinachobeba kazi hiyo. Wakikopa jina la kipa kwa sababu ya mazoea, watakuwa wamemfundisha mchezaji kazi isiyo yake.