Shazam wa Pili: Kicheko Kizuri, Kaburi la Haraka



Hapa Mazinde muvi ikitafsiriwa na DJ ndiyo inajaza mabenchi ya kibanda cha video. Ndivyo nilivyoitazama Shazam! Fury of the Gods, muvi ya pili ya kijana Billy Batson, yule anayetamka neno moja tu anageuka jitu la miraba minne. Ilitoka Marekani Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2023, Kwaresima ikiendelea. Mapato yake hayakufika hata nusu ya ile ya 2019, na wengi waliiponda. Mimi naona wameionea kidogo, ingawa makosa inayo.

Vichekesho viko vizuri. Kuna kalamu ya uchawi inayoandika barua kwa mabinti wa Atlas, nayo inaandika kila porojo la Billy na ndugu zake. Helen Mirren anaisoma barua hiyo kwa sauti kavu, hacheki hata kidogo. Kibanda kizima tulikuwa hoi.

Lakini chini ya kicheko kuna hofu. Billy anakaribia miaka 18. Mama yake mzazi alimtelekeza, sasa analelewa na Rosa na Victor, pamoja na watoto wengine watano. Anaogopa akishakuwa mtu mzima kisheria ataambiwa njia ile pale. Ndiyo maana anawang'ang'ania ndugu zake waende wote kila mahali, na ndiyo maana anamwita mlezi wake Rosa, hamwiti Mama. Jamani, hapo nilikaa kimya. Mimi nimelelewa na shangazi tangu darasa la tatu. Kwenye fomu za shule, palipoandikwa mzazi/mlezi, nilikuwa naikata "mzazi" mwenyewe kabla mtu hajaniuliza. Billy alipotamka "Mama" hatimaye, kabla ya kwenda kupambana na joka, niliangalia chini.

Herufi ya kwanza ya Shazam ni ya Solomoni, na muvi inatania kwamba hekima hiyo Billy hakupata. Someni 1 Wafalme 3: Solomoni aliomba moyo wa kupambanua. Kwangu mimi, Billy aliupata pale alipomtambua mama yake. Muvi yenyewe inapita hapo mbio mbio, inakimbilia majengo yanayobomoka.

Kosa kubwa liko mwishoni. Billy anatoa uhai wake kwa ajili ya wengine (Yohane 15:13), anazikwa, na kabla hatujalia vizuri Wonder Woman kafika, Billy kaamka, utani unaendelea. DJ wetu ndiyo kabisa, alitania hata juu ya kaburi. Sitegemei muvi iwe Injili. Ila sisi Ijumaa Kuu altare iko tupu bila vitambaa, kengele ziko kimya, na Jumamosi hakuna Misa mpaka Kesha la usiku. Wale wanawake wa Luka 23:56 walirudi nyumbani, wakaandaa manukato, wakangoja. Aliyewahi kuzika anajua kungoja kule.

Wana-TYCS na VIWAWA mkiitazama pamoja, isimamisheni Billy anapotamka neno lile. Kila mmoja amtaje aliyemlea, na jina ambalo hajawahi kumwita.

Mimi jioni ile nilimkuta shangazi anachambua mchicha. Nikamwita Mama. Akaniuliza kama naumwa.