SIMU YA INTANETI: BANDO LISIISHE, NA BEI ISIKIKE

Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Makoongwe. Wateja wangu wako Mkoani, wengine Darajani kule Unguja. Samaki hamsubiri mtu, bei tunapatana kwa simu kabla boti haijavuka. Sauti ikikatika, "sitini" na "sabini" zinasikika sawa, na hapo lazima mmoja aumie.

Ukipiga simu kwa intaneti, programu inaibana sauti yako kwanza, ndipo inaituma. Njia ya kubana inaitwa kodeki. Ni kama mzigo: ukifungwa vizuri, nauli inapungua. Zijue hizi tatu. Hesabu ni ya kusema na kusikia kwa pamoja:

1. G.711. Ya zamani, tangu 1972. Sauti safi, ila inakula kama MB 1.2 kwa dakika.

2. G.729. Inabana sana, kama KB 360 kwa dakika. Maneno yanafahamika, lakini kelele za soko zinaisumbua.

3. Opus. Ya 2012. Mtandao ukilegea inajipunguza, ukikaa sawa inapanda. Ikienda kwa kilobiti 16 kwa sekunde ni kama KB 480 kwa dakika.

Piga hesabu: mazungumzo ya dakika 10 kwa G.711 ni MB 12, kwa G.729 ni MB 3.6. Ukipiga mara tano kwa siku, tofauti unaiona kwenye bando.

Sasa fanya hivi:

✅ WhatsApp haikuachii kuchagua kodeki. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uwashe kutumia data kidogo kwenye simu.

✅ Programu kama Linphone inakuachia kuchagua. Hakikisha Opus imewashwa. Lakini usiifute G.711, kwani simu mbili zisipokuwa na kodeki moja ya pamoja hamtasikilizana.

✅ Ukinunua simu ya mtumba, uliza mambo mawili: inashika 4G? Android yake ni namba ngapi? Mwaka 2023 WhatsApp iliziacha simu zilizo chini ya Android 5. Kitochi cha kawaida hakifai kwa kazi hii.

✅ Kabla hujatoa pesa, weka laini yako, piga dakika moja ukiwa pale pale unapofanyia biashara, si dukani mjini. Kisha angalia data iliyotumika.

✅ Mteja yuko Ghuba? Baadhi ya nchi za huko huzuia simu za WhatsApp. Mtumie ujumbe wa sauti.

Na la mwisho, hata sauti iwe safi vipi: mkishapatana, andika bei na kilo kwa ujumbe, yeye ajibu "sawa". Ndipo upakie mzigo.

Mfikishie mwenzio. Biashara njema.