Seva Humtambuaje Mtumiaji Wake?

Seva ni kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa kwa wanaoziomba kupitia intaneti. Baadhi ya kurasa ni za watu wote. Nyingine, kama vile alama za mitihani zisizotangazwa bado, ni za wachache tu. Hivyo seva haina budi kujibu maswali mawili yasiyopasa kuchanganywa: Huyu ni nani? Anaruhusiwa kufanya nini? Asiyetambulika hujibiwa kwa namba 401. Anayetambulika lakini hana ruhusa hujibiwa kwa namba 403.

Je, majina ya watumiaji yawekwe wapi? Tuchukue mfano wa Apache, programu ya seva iliyotolewa mwaka 1995. Njia yake iliyo rahisi ni faili la maandishi, ambamo kila mstari una jina la mtumiaji mmoja. Seva hulisoma kuanzia juu mpaka ilipate jina linalotafutwa. Wakiwapo watumiaji 10,000, itasoma kwa wastani mistari 5,000 hivi. Isitoshe, katika utaratibu wa kawaida wa njia hii, uchunguzi hurudiwa kwa kila ombi. Ukurasa wenye picha 9 ni maombi 10, yaani mistari 50,000!

Njia ya pili ni hifadhidata yenye faharasa iliyopangwa kwa alfabeti. Kila hatua hupunguza majina yaliyobaki kwa nusu. Kwa kuwa 2¹⁴ ni 16,384, hatua 14 zatosha. Basi shule yenye walimu 20 itumie faili, kwani ni jepesi kulitunza. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi kichague hifadhidata.

Lakini njia yoyote ile haifai ikiwa maneno ya siri yameandikwa wazi. Katika miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, faili la maneno ya siri lilibadilishana nafasi na faili la matangazo. Kila aliyeingia akaonyeshwa siri za wenzake wote.

Tangu hapo wataalamu walitafuta njia ya kuhifadhi, si neno lenyewe, bali zao la hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi mfumo wa Unix ulivyoongeza katika hesabu hiyo namba ya nasibu, iitwayo «chumvi», yenye biti 12. Kwa hiyo neno moja la siri liliweza kuwa na sura 4,096. Njia za baadaye, kama bcrypt ya mwaka 1999, hutumia chumvi ndefu zaidi na hesabu ya polepole kwa makusudi, ili mwizi anayebahatisha maneno achelewe.

Zoezi

1. Watumiaji wakiwa 1,000,000, hatua ngapi zatosha katika faharasa?
2. Kwa nini faili la majina lisiwekwe pamoja na kurasa zinazotolewa kwa umma?