Vileo Hutengezwaje, na Hukumu Yake Yafuata Nini?

Tumeulizwa mara nyingi na ndugu zetu maswali ambayo mzizi wake ni mmoja. Huyu auliza: Je, bia ni khamri, hali ya kuwa haikutoka katika zabibu? Yule auliza: Tembo la mnazi, waliloligema wazee tangu zamani, laweza kuwekwa daraja moja na wiski ya Wazungu? Na wa tatu ameingiwa na wasiwasi hata wa mkate, kwa kuwa ameambiwa hamira ya mkate ndiyo hiyo hiyo ya pombe. Nasi twaona maswali haya hayajibiki mpaka kwanza tujue vitu hivi hutengezwaje. Kwani hakihukumiwi kitu ila baada ya kujulikana.

Asili ya kila kileo ni utamu. Maji matamu ya tunda, ya mti, ya asali au ya nafaka huingiwa na hamira, nayo ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa jicho tupu. Hamira hula sukari ikatoa vitu viwili: hewa, ambayo ndiyo itiayo povu, na alkoholi, ambayo ndiyo ilevyayo. Huku ndiko kuchacha. Mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alianza kubainisha mwaka 1857 ya kuwa kazi hii ni ya viumbe vilivyo hai, wala si kuoza tu kama walivyodhani wengi.

Tuanze na kilicho karibu nasi. Mgema hupanda mnazi, akakata ncha ya karara kwa kotama, akatundika kibuyu. Maji yadondokayo mwanzo ni matamu wala hayalevyi. Lakini hamira imo hewani, na imo ndani ya kibuyu kilichotumika jana. Basi kuchacha huanza mapema, na baada ya saa chache tembo limekwisha kuwa kileo. Likiachwa siku kadhaa, viumbe vingine huigeuza alkoholi ile ikawa siki. Tazama: mti ni mmoja na kibuyu ni kimoja, na hukumu ni tatu. Maji matamu ni halali. Yakisha kulevya ni haramu. Na yakigeuka yenyewe kuwa siki, bila ya kutiwa kitu, yarudi kuwa halali. Basi mwenye kununua tembo tamu asubuhi akaliweka mpaka alasiri, au akaletewa la kibuyu kilicholala mtini usiku kucha, asidhani kuwa neno "tamu" litamwokoa.

Ama bia, hiyo hutokana na shayiri. Shayiri ina wanga, haina sukari ya kutosha. Kwa hivyo hulowekwa, ikaachwa siku chache ikaota, ikawa kimea. Kimea hukaushwa kwa moto, kikasagwa, kikatiwa maji ya moto ya kadiri ya digrii 65, na hapo wanga hugeuka sukari. Maji yale huchujwa, yakachemshwa pamoja na maua ya hopsi yatiayo uchungu, kisha yakapozwa na kutiwa hamira. Bia nyingi huwa na alkoholi ya asilimia 4 au 5. Busaa ya bara hufuata njia hiyo hiyo kwa mahindi na kimea cha wimbi. Na mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochacha, nao aghlabu hufika asilimia 11 hata 14.

Alkoholi ikizidi hapo kidogo, hamira yenyewe hushindwa. Atakaye kileo kikali zaidi hukikeneka. Alkoholi huchemka kwa digrii 78, na maji kwa digrii 100. Basi kileo kikitiwa moto, mvuke utanguliao ndio wenye alkoholi nyingi. Mvuke huo hupitishwa katika mrija uliopozwa, ukatona. Bia isiyotiwa hopsi ikikenekwa huwa wiski. Mvinyo huwa brandi. Asali nyeusi ya miwa iliyochacha huwa ramu. Na busaa huwa chang'aa. Wiski hutoka nyeupe kama maji. Rangi huipata katika mapipa ya mwaloni, ambamo kwa sharia ya Scotland hukaa si chini ya miaka 3. Hutiwa chupani ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Na elimu hii ya kukeneka si mbaya kwa dhati yake: Al-Kindi aliandika juu ya kukeneka marashi, na marashi ya mawaridi hupatikana kwa njia hiyo.

Sasa na tufanye hisabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi. Wiski ya mililita 60 yenye asilimia 40 ina mililita 24. Basi asemaye, "Mimi sinywi pombe, nanywa bia tu," amekunywa kilicho katika wiski na kuzidi, ila yeye amekichanganya na maji mengi.

Wako wasemao kuwa ubaya ni uchafu wa chang'aa. Ni kweli kwamba wadanganyifu huitia methanoli, ambayo ni sumu ya kupofua na kuua. Na Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mwaka 2010 sharia ya Kenya ikairuhusu chang'aa iuzwe kwa leseni. Leseni yaweza kuondoa sumu, haiondoi ulevi.

Na khamri ilipoharimishwa Madina, nyingi ya ile iliyomwagwa njiani ilikuwa ya tende, si ya zabibu. Masahaba hawakungoja kuuliza imetokana na tunda gani. Na Mtume, s.a.w., ametufundisha ya kuwa kilevyacho kikiwa kingi, hata kidogo chake hakifai.

Kwa kipimo hicho hicho mwenye wasiwasi wa mkate na atulie. Hamira si kileo. Alkoholi ifanyikayo katika unga huondoka nyingi yake kwa moto wa tanuri, na mkate haumlevyi mtu hata akila mpaka akashiba.

Basi, enyi ndugu, wafundisheni vijana wenu haya kabla hawajafundishwa na wauzaji. Akiletewa chupa asiyoijua, asiulize jina lake wala nchi itokako. Na aulize: chalevya au hakilevyi? Jawabu ya swali hilo ndiyo hukumu yake.

Wallahu aalam.