SOMO: Namna ya kupeleka swali kwa mtafiti



Mara mingi koperative inatuma mtu kwenye kituo cha utafiti, kama vile INERA Mulungu kule Kabare, na anarudi mikono mitupu. Watu wanasema: «Watafiti hawatusaidii.» Mara zingine ni kweli. Lakini mara zingine shida iko mu swali lenye tulipeleka.

Tukamate mufano. Mutu anafika na kipande cha muhogo uliooza ndani ya sashe. Anaomba: «Mutupatie dawa.» Lakini kuoza si kwa namna moja.

Kuna muhogo unaolainika, unatoa maji na harufu mubaya, na mmea unanyauka. Hiyo inatokea sana mahali maji yanasimama. Hapo tunatosha maji, tunapanda juu ya matuta, ao tunabadilisha shamba.

Kuna pia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mmea unaweza kuonekana muzuri, lakini ukikata muhogo, ndani mna madoa ya kahawia, makavu na magumu. Hiyo ni virusi. Hakuna dawa ya kuponyesha shamba. Inaenezwa na nzi weupe, na pia na miti ya kupanda yenye tunapeana.

Mimi mwenyewe nilishakosea. Niliambia mama mumoja achimbe mifereji, bila kukata hata muhogo moja. Mihogo iliendelea kuoza, na miti yake ilikuwa imeshafika kwa majirani.

Mbele ya kwenda, andikeni mu kaye:

1. Aina ya muhogo, mwezi wa kupanda, na miti ilitoka wapi.
2. Shamba liko wapi: mulimani ao bondeni? Maji yanasimama?
3. Hesabu: pitieni mashina 30 katikati ya shamba, si yale ya pembeni tu. Ni ngapi yako na ugonjwa?
4. Yale mulishafanya. Semeni kweli, hata kama mulipuliza dawa isiyofaa.
5. Kile munataka kuamua. Kwa mufano: «Tunaweza kugawa miti ya shamba hili mwezi wa 9?»

Namba 5 ndiyo swali lenyewe. Mukienda kwa mutunza vitabu, ni vilevile: usiombe tu «kitabu cha mihogo», mwambie kile unataka kuamua.

Pigeni telefone kwanza, muulize mulete nini. Musibebe miti bila kuombwa, juu ugonjwa unasafiri nayo. Picha ya jani, ya shina na ya muhogo uliokatwa inaweza kutosha kwa kuanza.

Mbele ya kuachana na mtafiti, ulizeni:

- Jibu litakuja lini, na kupitia nani?
- Ni nini umeona kwa macho, na ni nini unawaza tu?
- Wakati tunangoja, tufanye nini?

Akisema maneno magumu ya Kifaransa, usione haya. Mwambie: «Nielezee sawa vile ungeelezea mama shambani.» Akisema «sijui», usikasirike; uliza nani anajua.

Jibu likifika, lisomwe mbele ya wanachama wote. Kisha mumurudishie mtafiti habari ya mavuno. Naye anajifunza hapo.

Zoezi la kikao kijacho: chagueni shamba moja lenye shida, mujaze namba 1 mpaka 5 pamoja. Na mbele jibu halijafika, mutu asigawe miti ya shamba lile.