Tamthilia za Kikorea na Ndoa: Tusome Kilicho Nyuma ya Pazia



Ndugu zangu, katika hosteli zetu tamthilia za Kikorea hutazamwa hadi karibu na alfajiri. Tukizizungumzia, huwa tunaishia kwenye hukumu: zinafaa au hazifai. Kuinamisha macho na kuchunga wakati ni wajibu wetu, na masheikh wetu wamelieleza hilo vya kutosha. Mimi nasoma sosholojia, kwa hiyo katika somo hili nauliza jambo jingine: nchi inayoiuzia dunia hadithi za mapenzi, ndoa zake zikoje?

1. Picha na hali halisi

Mwaka 1996 ndoa takriban 430,000 zilifungwa Korea Kusini. Mwaka 2023 zilikuwa takriban 194,000. Mwaka huohuo wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 0.72, ilhali idadi ya watu huhitaji takriban 2.1 ili isipungue. Tangu 2011 vijana wa huko wamepewa jina la "sampo", yaani kizazi kilichoacha mambo matatu: uchumba, ndoa na watoto.

Kinachowarudisha nyuma zaidi ni gharama. Nyumba Seoul ni ghali mno, na kwa desturi familia ya mume ndiyo iliyotarajiwa kuitoa, huku ya mke ikitoa samani na zawadi kwa wakwe. Mtoto akizaliwa, kuna masomo ya ziada ya kulipia. Mke naye anaajiriwa kama mume, lakini akirudi nyumbani kazi nyingi zinamngoja yeye. Mwanasosholojia Chang Kyung-Sup anauita mwendo huu usasa uliobanwa: Korea ilipita kwa miongo michache mabadiliko yaliyochukua Ulaya karne nzima, na familia ikabebeshwa mizigo ya zamani na ya sasa kwa pamoja.

Wasanii wao wanalijua hilo. Katika tamthilia ya Because This Is My First Life (2017), mwanamke asiye na pa kuishi anaolewa kwa mkataba na mwanamume mwenye nyumba ya mkopo. Lakini katika tamthilia nyingi tunazozipenda, shujaa ni mrithi wa kampuni kubwa. Utajiri wake unafuta swali la nyumba, na hadithi inaisha mara nyingi kabla ya maisha ya ndoa kuanza.

2. Kipimo chetu

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu anataja utulivu, mapenzi na huruma kati ya wanandoa. Mapenzi yapo, na huruma iko pembeni yake kwa siku ambazo mapenzi yamechoka. Kuhusu gharama, Sayyidna Ali alitoa deraya yake kuwa mahari ya Bibi Fatima, na Mtume (S.A.W.) alimwambia sahaba fukara atafute japo pete ya chuma. Kuhusu kazi za nyumbani, Bibi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

3. Na sisi je?

Hapa Uganda tuna kwanjula. Familia kujuana ni jambo jema. Tatizo ni orodha ya zawadi inayorefuka kila mwaka, ukumbi, sare na wapiga video. Kijana mcha Mungu anamaliza chuo, anakusanya fedha miaka mitano, na katika miaka hiyo haramu inakuwa nyepesi kuliko halali. Wakorea wamefika walipofika kwa njia kama hii: kila familia ilitaka heshima yake, na wote kwa pamoja wakaufunga mlango kwa watoto wao.

Kwa hiyo dada, usimpime mchumba kwa mrithi wa kwenye skrini. Nawe kaka, usitafute mke asiyechoka. Na wote tuanze mapema kuzungumza na wazazi wetu, kwa adabu, kabla orodha haijaandikwa.

Maswali ya darsa

1. Ni gharama zipi za harusi zetu zinatoka kwenye dini, na zipi zinatoka kwa majirani?
2. Tamthilia uliyoitazama mwisho ilionyesha nini kuhusu maisha baada ya harusi?
3. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje mwanafunzi anayetaka kuoa au kuolewa kwa gharama nafuu?

Wallahu a'lam.