SOMO LA KAZI ZA NYUMBANI: KUPAKA RANGI UPYA JUU YA RANGI YA ZAMANI



Vakanse kubwa njo wakati wa kupaka nyumba. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haiko, vibambazi vimekauka, na wazazi wanajua ya kama kuko mikono ya bure nyumbani. Basi wengi wetu hapa Kingamyambo tutapewa burosi na ndoo. Hatutaki kufundisha namna ya kushika burosi. Ile mtu anajifunza siku moja. Tunataka kusema juu ya kibambazi chenyewe, kibambazi kilichokwisha kupakwa mbele, pengine mara tano au sita. Hapo njo kazi inaharibikia, na hapo tena njo watoto wadogo wanaweza kupata ugonjwa.

Neno la kwanza ni hili: rangi mpya haishiki ukuta, inashika rangi ya zamani. Kama ile ya zamani imekwisha kuachilia ukuta, mpya itaanguka pamoja nayo, hata ikiwa ya bei kali namna gani. Kwa hiyo mbele ya kununua kitu chochote, tujue kwanza ni nini iko juu ya kibambazi.

Pitisha kiganja. Kikitoka cheupe kama umeshika unga, ni chokaa, ao ni rangi ya maji iliyochakaa. Kusudi ujue ni ipi, kwaruza kidogo na kisu, rangi peke yake bila kufikia simenti, weka ndani ya kisahani, kamulia ndimu. Ikitoa mapovu mengi, ni chokaa. Wale wa bioshimi watafahamu juu ya nini. Mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi, yakichomwa motoni yanatoa gesi kaboniki. Kiisha yanazimishwa na maji. Na tukipaka ukutani, chokaa inakamata tena ile gesi toka hewani, kidogo kidogo inarudia kuwa jiwe. Asidi ya ndimu inaifukuza gesi mara ya pili, njo mapovu unayoyaona. Majaribio ya ndimu moja, na tena yanafaa kuliko kurasa mbili za daftari.

Kama mapovu hayako, lowesha kitambaa na alkoli, sugua mahali padogo. Rangi ya maji italegea na kuchafua kitambaa. Rangi ya mafuta haitasogea.

Kazi yote inafwata majibu haya. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya chokaa ambayo haijakomaa, unatengeneza sabuni. Siyo mchezo: mama zetu walipopika sabuni kwa mafuta ya ngazi na maji ya majivu walifanya kazi ile ile, mafuta na alikali. Rangi itabaki laini, yenye kunata, kiisha itachubuka. Ukipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, itashika mwezi mmoja ao miwili, halafu itatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki hata kidogo. Kwa hiyo chokaa ipate chokaa nyingine, hiyo njo njia nyepesi. Na rangi ya mafuta iondolewe kung'aa kwanza kwa msasa, ile watu wa hapa wanaita papiyevere. Rangi ya maji iliyo nzima inahitaji kuoshwa tu.

Sasa tunafika kwa ule msasa, na hapa tunaomba msome polepole.

Zamani watengenezaji walitia risasi ndani ya rangi, metali ile ile ya batri ya motokari, kusudi rangi iwe nyeupe, ikauke upesi na idumu. Mwaka wa 1921, Shirika la Kazi Ulimwenguni lilipitisha huko Geneva mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya nyumba. Lakini inchi hazikuacha siku moja. Marekani yenyewe ilikataza risasi ndani ya rangi za nyumba mwaka wa 1978. Sasa, mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka wa 1937, na nyumba nyingi za kambi zilijengwa na Union Minière mbele ya kampuni kuchukuliwa na Serikali mwaka wa 1967. Katika nyumba hizi, sehemu ya chini ya kibambazi, milango na madirisha vilipakwa mara nyingi rangi ya mafuta. Jicho haliwezi kuona kama risasi iko ndani. Njo maana tunashauri: rangi ya mafuta ya zamani ihesabiwe kama inayo, mpaka ijulikane vingine.

Ikitulia ukutani haidhuru mtu sana. Ikiwa vumbi, inaingia kinywani na puani. Mtoto anayetambaa anaweka vidole kinywani siku nzima, na mwili wake unapokea risasi kuliko mwili wa mtu mzima. Inapunguza damu, inarudisha nyuma akili na masomo, na ile iliyoharibika kichwani hairudi. Majirani zetu wa Kabwe kule Zambia wanajua jambo hili: mugodi wa risasi ulifungwa mwaka wa 1994, na mpaka leo watoto wa kule wanapimwa damu na kukutwa nayo.

Tena kuko vumbi lingine, lile letu wenyewe. Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao ya Kasulo, hapa Kolwezi, ambako watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba toka 2014. Walipima vumbi la ndani ya nyumba, damu na mkojo. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watoto wa mahali kusiko na machimbo. Kingamyambo siyo Kasulo. Lakini jina la Kingamyambo linajulikana mbali juu ya mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa, na kila mama hapa anajua upepo wa mwezi wa nane unaleta nini juu ya kabati. Kinacholala juu ya kabati kinalala vilevile juu ya kibambazi.

Basi kanuni yetu ni fupi: maji mbele ya chuma. Usifagie kibambazi kikavu. Usipige msasa mkavu. Usichome rangi na moto kusudi itoke, moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Ondoa vitu chumbani, tandika plastiki chini, kata umeme kwa sababu ya priza, watoto na mama mwenye mimba wakae mbali. Futa kibambazi kwa kitambaa chenye maji, toka juu mpaka chini, ukibadilisha maji mara nyingi. Kiisha lowesha mahali palipochubuka na kwangua kwa kisu cha mastiki. Palipo pazima uache! Kuko vijana wanaopenda kukwangua nyumba nzima mpaka simenti ionekane, wanafikiri hiyo njo kazi ya kweli. Ni kazi ya bure, na njo inayoleta vumbi nyingi. Rangi ya zamani inayoshika vizuri, ikioshwa na kuondolewa kung'aa kwa papiyevere ya maji, ni msingi mzuri. Na rangi mpya juu yake inaifungia risasi ndani.

Mabaki uyakusanye yangali na maji, uyafunge ndani ya plastiki. Yasiende kwenye bustani ya matembele. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kuko vibambazi viwili vyenye tabia mbaya. Cha jikoni kimekula moshi wa makala na mafuta: ukioshe na sabuni ya nguvu, na palipobaki rangi ya chai upake kwanza mkono mmoja wa rangi ya mafuta isiyong'aa, la sivyo doa litapita katikati ya rangi ya maji. Cha pili ni kile kinachotoa chumvi nyeupe chini. Hapa rangi haina kosa. Maji yanapanda toka udongo. Tafuta nje: pengine mchanga umerundikwa kwa ukuta, ao maji ya paa yanaanguka pale. Ondoa sababu, uache kikauke majuma mengi. Kwa kibambazi kama hiki tunaona chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, maana inaacha unyevu utoke.

Hesabu kidogo mbele ya kwenda sokoni. Chumba cha metre 4 kwa 3, chenye urefu wa metre 2.70 kwenda juu: mzunguko ni metre 14, mara 2.70 ni karibu metre 38 za mraba. Toa mlango na dirisha, inabaki 35. Litre moja inapaka karibu metre 10 za mraba kwa ukuta laini, na tunapaka mara mbili. Ni litre 7. Ukuta unaokunywa utaomba zaidi.

Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi sana, na rangi ya maji haipendi baridi ikiwa mbichi. Anza saa tatu jua likiwa limepanda, weka burosi chini saa nane, kusudi ikauke mbele ya jioni. Mkono wa pili upakwe kesho yake. Kama ni rangi ya mafuta, acha madirisha wazi, na watoto walale chumba kingine mpaka harufu iishe.